Puliza Kioo Kwanza

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Una masikio mawili na simu moja, na vyote vitatu umeviziba ili sauti yangu isipite. Nimepiga Jumatatu. Nimepiga Jumanne mara tatu. Jana nimepiga mpaka simu yenyewe ikapata moto mkononi. Yule mwanamke wa mitambo ananiambia nijaribu tena baadaye, na mimi najua hakuna cha baadaye, umeketi hapo unalitazama jina langu linavyowaka mpaka lizime lenyewe. Mtu mzima wa miaka sitini na moja, mwenye wajukuu, anamkimbia dada yake kama mtoto anayekimbia sindano! Huoni haya? Basi karatasi haizimwi kwa kidole. Umeshaifungua, utaisoma mpaka mwisho. Aliyekuletea ni binti yako, na nimemwagiza asimame hapo mlangoni mpaka umalize. Usimfokee. Hajui kilichomo.

Nimekwisha kukugombeza, sasa nakusalimu. Hujambo? Wifi hajambo? Ule mkono wako unaendeleaje, ngozi inavuta bado wakati wa baridi, au umeshazoea? Najua huwezi kunijibu, lakini mimi nimelelewa, siwezi kuingia kwa mtu bila hodi. Kwangu wote wazima. Wajukuu wamefika tisa, na yule wa mwisho ana meno manne na anauma kila anayembeba. Mimi mwenyewe ni mzima wa kutembea, isipokuwa magoti yanalia kuliko bawaba za mlango wa boila, na macho yanaona vizuri kilicho mbali, ila kilicho karibu yanakikataa. Kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usidhani nimelewa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine nimeikunja mara mbili. Usiifungue bado! Inatakiwa irudi hapa Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi, na kama itarudi au haitarudi, hilo liko mikononi mwako peke yako. Nitakueleza kwa utaratibu. Siku hizi nimejifunza utaratibu, mtu hafiki hatua ya kumi na tisa bila kupita ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni hii: nimeandika kitabu. Cheka upesi, umalize, tuendelee.

Unajua muda wangu wa kustaafu ulifika mwaka jana mwishoni, wakaniomba niendelee mpaka apatikane mwingine, au pengine hujui, maana nani angekuambia. Hospitali ikamleta mhandisi aangalie vile vyumba vya kufulia, aone nani ataendesha boila baada yangu. Nilitegemea mwanaume mwenye kitambi na kalamu tatu mfukoni. Akaja msichana mwembamba, miwani mikubwa kuliko uso, ana heshima lakini haondoki mpaka amejibiwa. Akaniuliza boila inawashwaje. Nikamwambia inawashwa tu. Akaniuliza naanzia wapi. Nikamwambia unaingia, unaitazama, inakuambia. Akaandika "inakuambia," kisha akainua kichwa akaniuliza, inasemaje, Bibi? Miaka thelathini na mitatu niko na lile dude la kuchemshia maji ya mvuke, wananiita Bibi Mvuke mpaka wodini, na nimeulizwa swali la mtoto wa darasa la kwanza nikabaki nimefungua mdomo.

Kile kitabu kilichokuja na boila kiliozea kabatini zamani, wewe ndiye uliyenionyesha kurasa zake zimegandana kama mkate uliolowa. Tangu hapo maarifa yote yalikuwa kichwani mwako, kisha yakawa kichwani mwangu. Bi Mhandisi akasema hivyo haifai, kwamba mimi nikianguka barabarani hospitali nzima italalia mashuka machafu. Akasema niandike. Nikamwambia mimi ni wa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Akasema ndiyo vizuri, utaandika maneno ambayo watu wanayajua. Yeye atachapa, mimi niandike, na kila hatua niweke na sababu yake, hapo chini yake, Kwa nini. Alikuwa mkali sana juu ya hiyo Kwa nini. Mtu asiyejua sababu, alisema, siku ana haraka ataruka hatua.

Hilo neno likumbuke.

Basi nikaandika miezi saba. Nilikuwa nakaa kwenye ile meza ndefu ya kukunjia mashuka, mchana, wenzangu wakienda kula. Nimejaza madaftari manne. Na namna tulivyolijaribu hilo andiko ungekuwepo ungekufa kwa kicheko. Tulimchukua mshonaji wa mashuka, yule mnene mwenye mdomo, aliyekuwa akikuita mchumba wake mbele za watu mpaka unajificha nyuma ya tangi. Huyo hajawahi kugusa boila maishani mwake. Sharti lilikuwa moja: afanye kilichoandikwa tu, na mimi nisifungue mdomo.

Siku ya kwanza nilikuwa nimeandika, "Fungua koki." Mle ndani kuna koki kumi na moja. Akafungua ya maji ya kuoshea sakafu, tukalowa viatu wote watatu. Akanigeukia akasema, Bibi, hukusema ipi, mimi siyo mganga. Siku ya pili nilikuwa nimeandika, "Subiri kidogo." Akaweka karatasi chini, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi nikamuuliza kwa hasira ile ndiyo kidogo? Akanijibu kwamba kwao kidogo ni mpaka kikombe kiishe, na kama kidogo changu ni kingine ningekiandika. Nilimtukana, lakini nikarudi mezani nikaandika upya: subiri mpaka mshale utoke kwenye sifuri uguse mstari wa pili. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, koki kwa koki. Nikazipaka koki rangi, nikaandika nyekundu, nikaandika ya kijani iliyo juu ya goti lako la kushoto.

Sasa sikiliza jambo lililoniuma. Nilikuja kugundua mikono yangu inajua mambo ambayo kichwa changu hakijawahi kuambiwa. Bi Mhandisi aliniuliza mbona kila nikifungua pampu kwa mkono wa kulia, wa kushoto nauweka juu ya bomba. Nikamwambia siweki. Akanionyesha, nikauona mkono wangu uko pale pale, umelala juu ya bomba kama paka. Ikabidi nifikiri. Nikakumbuka: ukihisi bomba linapata joto, maji yanarudi nyuma, funga pampu. Nani aliniambia? Hakuna aliyeniambia. Ulinishika kiganja ukakibandika pale, siku yangu ya kwanza, ukasema, dada, hapa ndipo pa kusikilizia. Nilikuwa mkunja mashuka, sina mume, nina watoto watatu, na mdogo wangu mwenye cheti cha ufundi akaniombea kazi ya boila na watu wakakucheka kwamba unamfundisha mwanamke moto. Katika hatua sitini na mbili za kitabu hiki, hamsini na kitu niliziandika nikikusikia wewe unasema. Jina lililo juu ya jalada ni langu.

Tulimaliza wiki mbili zilizopita. Siku hiyo mshonaji aliwasha boila peke yake, kuanzia kufungua mlango mpaka mvuke kufika kwenye pasi za mashuka. Mimi niliketishwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, leso nimeiuma kwa meno nisije nikasema neno. Nilimwona anasoma, anatazama, anagusa, anasoma tena. Alipofika pa kuweka kiganja kwenye bomba akakiweka. Saa tatu kasoro robo pasi kubwa zikaanza kupumua, na wanawake wa chumba cha kukunjia wakapiga meza kwa viganja, kelele kama mvua ya mabati. Mshonaji akaja na jasho lake akanikumbatia, akasema, sasa naweza kuolewa na yule fundi wako, nina elimu. Bi Mhandisi akanipa mkono kwa mikono yake yote miwili.

Mdogo wangu, sijui nikwambieje. Nimezaa, nimeozesha, nimejenga vyumba viwili. Lakini ule utamu wa siku ile sikuwahi kuuonja. Kitu kilichokuwa mkononi mwangu kikatoka, kikakaa kwenye karatasi, mtu mwingine akakisoma kikafanya kazi bila mimi. Nilirudi nyumbani nikanawa mikono kabla ya kuyagusa madaftari yangu mwenyewe. Nikayapanga mezani, nikayatazama kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. Mjukuu wangu akanicheka, nikamwambia atoke mbele yangu.

Ulidumu siku moja, utamu huo. Kesho yake Bi Mhandisi akaniletea kurasa zilizochapwa, hatua moja kila ukurasa, ili nitie sahihi chini ya kila ukurasa, kwamba mimi mwandishi nimesoma na ni kweli. Maneno yenyewe ndiyo hayo, nimesoma na ni kweli. Nikatia wa kwanza, wa pili, polepole, ulimi nje. Nikafika wa kumi na nane. Nikafungua wa kumi na tisa.

Huo ndio wa kupuliza kioo. Wewe unaujua, lakini nitauandika hapa kama nilivyouandika kitabuni, maana nimejivunia sana. "Kioo ni lile bomba la kioo lililosimama ubavuni mwa boila. Linakuonyesha maji yamefika wapi ndani. Kabla ya kuwasha moto, kila asubuhi, fungua koki ndogo nyeupe ya chini. Maji yatoke kwa nguvu mpaka kioo kiwe kitupu. Funga. Tazama. Maji yakiruka juu mara moja, kioo kinasema kweli. Yakipanda polepole au yasipopanda, njia imeziba kwa chokaa, na yale uliyokuwa ukiyaona ni maji ya zamani yaliyosimama. Ndani huenda hamna kitu. Usiwashe."

Chini yake, Kwa nini. Mimi niliandika mstari mmoja tu, kwamba kioo kinaweza kudanganya. Bi Mhandisi akaona hautoshi kumtisha mtu. Akaenda ofisini akafukua ripoti ya zamani, akaichapa ndani ya kisanduku chenye mistari mizito. Inasema miaka kumi na moja iliyopita maji yalikauka ndani ya boila hii mikononi mwa mwendeshaji wa zamu ya mchana, ambaye alisinzia kazini, mabomba yakapasuka, na mwendeshaji huyo akaungua na kuachishwa kazi.

Jina lako hawakuliandika. La nini? Kila mtu pale anajua zamu ya mchana alikuwa nani.

Mkono ulikataa. Kalamu niliishika, nikaiweka kwenye karatasi, ikatoa doa la wino, haikusogea. Nikamwambia Bi Mhandisi macho yamechoka. Akasema Bibi, hata nusu hatujafika! Nikamwambia nitamaliza kesho. Kesho yake nikatia sahihi wa ishirini mpaka wa mwisho, nikauruka ule. Amenivumilia, lakini amesema Jumatatu ndiyo mwisho. Saa mbili asubuhi waendeshaji wawili wapya wanawasha boila kwa mara ya kwanza na kitabu kiko mkononi mwao, na mchana kinakwenda kuchapishwa, nakala ya kubandikwa ukutani na za kupeleka hospitali nyingine zenye boila kama ile. Kisanduku kile kitaning'inia mle mpaka mimi na wewe tumeoza.

Nilijitahidi kunyamaza. Sitakudanganya, nilijitahidi. Nilijiambia yamepita, ameshazoea, ana maisha yake ya kutengeneza baiskeli, anakula, analala. Ndipo Ijumaa iliyopita binti yako akapita kunisalimia. Sikumuuliza chochote, alikuwa ananisaidia kupika akanitania, kwamba afadhali shangazi unaketi karibu na jiko kama watu, baba yeye kwake kukiwashwa moto hakai. Anasimama wima kando ya jiko mpaka chakula kiive, hata mguu ukimuuma. Wakimletea kigoda anakisukuma. Wakamuuliza kwa nini, akasema akikaa mbele ya moto anaweza kusinzia asijijue.

Miaka kumi na moja unasimama. Mwiko ulinidondoka, binti yako akadhani nimeungua.

Sasa fanya ninavyokuambia. Kama umesimama, keti. Kigoda kipo. Keti.

Hukusinzia.

Siku ile ulisema kwenye kamati ya ajali kwamba kioo kilionyesha nusu. Ulisema mara ya kwanza, ukasema ya pili, bwana mkubwa wa hospitali akagonga meza akakuambia daftari linaonyesha kioo kimepulizwa asubuhi na kilikuwa sawa, basi kingedanganyaje mchana? Mtu aliyekuwa macho, akasema, angeona maji yanavyoshuka. Wewe ulisema kweli. Kioo kilionyesha nusu kwa sababu kilikuwa kimeziba tangu asubuhi, na kilikuwa kimeziba bila kujulikana kwa sababu mimi, wa zamu ya asubuhi, sikukipuliza.

Utasema, lakini daftari lilikuwa na tiki na jina lako. Ndiyo. Ile tiki ya Alhamisi, siku ya ajali, niliiweka Jumatatu.

Nilikuwa naweka za wiki nzima Jumatatu alfajiri, kabla mtu hajafika. Kioo, presha, maji, jina langu, siku zote tano, kwa mara moja. Sababu yake ni ya kipuuzi, ndiyo maana sikuweza kuisema. Nilikuwa mzito wa kuandika. Karani wa stoo alinikuta siku moja naandika jina langu akawaita wenzake waje waone, akasema Bibi anaandika kama anachimba kisima. Walicheka. Wewe hukuwepo. Tangu siku hiyo nikaapa hakuna atakayeniona tena nimeshika kalamu. Kazi yenyewe nilikuwa naifanya, kila asubuhi napuliza kwa mkono huu. Tiki tu ndizo zilikuwa zimetangulia.

Alhamisi ile walikuja wageni wakubwa kuangalia hospitali, bwana mkubwa akataka saa mbili kamili wakute pasi zinapumua. Nilichelewa kuwasha. Koki nyeupe ilikuwa ngumu, ilihitaji spana, na spana ilikuwa stoo kwa yule karani. Nikalitazama daftari. Tiki ipo. Nikasema nitapuliza kesho. Nikawasha. Ningekuwa nimesahau, mdogo wangu, ningekuambia siku ile ile, kusahau ni kwa binadamu. Sikusahau. Niliruka hatua kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa, na sifa nilizipata, wageni walinipa mkono. Saa sita nikakukabidhi, ukaniuliza kama vyote viko sawa, nikakuambia tazama daftari.

Mabomba yalipopasuka wewe hukukimbia. Ulirudi ndani kuvuta kuni kutoka kwenye tanuru ili boila lote lisilipuke juu ya wanawake wa chumba cha pili, na hapo ndipo mkono wako ulipoiva mpaka begani. Mshonaji mpaka leo anasema yuko hai kwa sababu yako. Hilo halimo kwenye kisanduku.

Kisha kamati. Waliniita, wakanisogezea daftari, wakaniuliza, ulipuliza? Sikusema neno la uongo. Nilifanya vibaya zaidi. Niliweka kidole juu ya tiki. Hiki hiki ninachokandamizia karatasi hii isipeperuke. Ukanitazama, bendeji shingoni, ukawaambia kama dada yangu amesema amepuliza, basi amepuliza, kosa ni langu, nadhani nilisinzia. Uliniamini mimi ukayakataa macho yako mwenyewe! Nikashusha kichwa nikatoka nje. Wiki iliyofuata cheo chako nikapewa mimi, nikakipokea.

Wao wakaanza kukuita Bwana Usingizi. Na mimi, mdogo wangu, siku tuliyomzika mama, uliponishauri mbele za watu kwamba kaburi limechimbwa karibu mno na mtaro, nikakuambia Bwana Usingizi akatafute pa kulala, asinifundishe kazi. Watu walicheka. Ulivaa kofia yako ukaondoka, na tangu siku hiyo hujapokea simu yangu. Ulidhani ni ukali wangu wa siku zote. Ulikuwa woga. Kila ulipokuwa karibu niliogopa utafikiri vizuri siku moja, utalikumbuka lile daftari, utaniuliza. Nikakufukuza kabla hujauliza.

Tangu ajali ile nimekipuliza kile kioo kila asubuhi, mara mbili. Haikusaidia kitu.

Sasa fungua ile karatasi. Ni ukurasa wa kumi na tisa, wenye doa la wino. Ugeuze. Nyuma yake nimeandika ilivyokuwa, kwa mkono wangu, na jina langu lote, na nimetia sahihi kwamba nimesoma na ni kweli. Nimeuandika siku nne. Bi Mhandisi hajauona, mwanao hajauona, wanangu hawajui. Wewe ndiye wa kwanza. Nimeacha nafasi chini kwa ajili ya sahihi yako, kwa kuwa wewe ndiye fundi mwenye cheti aliyeendesha boila ile, na hicho ndicho kisa kinachotakiwa kukaa ndani ya kisanduku.

Utaniuliza kwa nini sikuupeleka mwenyewe moja kwa moja. Kwa sababu najijua. Ukurasa ukibaki hapa mezani nitaugeuza maneno. Nitasema macho, nitasema uzee, nitasema kitabu ni kizuri kwa nini nikichafue na wajukuu wanakisoma, nitasema jina langu liko juu ya jalada na litakaa vipi na hili. Siku nne zilinitosha kuandika, na siku nne nyingine zinanitosha kuwa mjanja tena. Nakuogopa wewe, lakini najiogopa mimi zaidi. Kwa hiyo nimeutoa nyumbani kwangu. Kitabu changu chote kiko hapa, kurasa zote, na kina tundu katikati, na tundu hilo uko nalo wewe.

Ukitaka kuuchoma, uchome, hiyo ni haki yako, na mimi Jumatatu nitasimama pale mikono mitupu nione kama nina mdomo. Sikuahidi kwamba ninao. Ukitaka usinisamehe, usinisamehe, sikukuomba hilo, na usije ukasema niliomba. Ninachokuomba ni kimoja, na sijawahi kukuomba kitu tangu uniombee kazi: usiache kitabu nilichokiandika kwa sauti yako kiwaambie watu kwamba ulisinzia.

Msalimie sana wifi. Wasalimie wajukuu, na yule anayefanana na mama mbusu mara mbili. Mshonaji anakusalimu, anasema posa yake bado ipo. Binti yako mpe maji ya kunywa, amesimama hapo muda mrefu.

Na sasa sikiliza agizo, na usinijibu. Leo jioni wifi akiwasha jiko, vuta kigoda, ukae mbele ya moto mpaka chakula kiive. Jumatatu panda gari la kwanza. Njoo mwenyewe, usimtume mtu na karatasi yangu. Utatukuta kwenye chumba cha boila, mimi, Bi Mhandisi na wale wawili wapya wameshika kitabu wananisubiri. Usinisalimie. Usiniulize chochote. Pita katikati yetu, nenda kwenye koki nyeupe, spana nitakuwa nimeiweka juu ya tangi, na mbele ya wote puliza kioo kwanza.

Ni mimi,
dada yako.